Maji ya Kwanza

Kila jioni bibi yangu alipakua sahani ya Noël kabla ya zetu. Alichukua ile ya bati yenye maua mekundu, akapanga viazi vilivyo vikubwa, akamwagia maharage juu, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka karibu na moto isipoe. Kisha alikaa kwenye kiti chake kidogo akatazama mlango.

"Noël iko wapi?" aliuliza. "Giza inaingia."

Babu alikuwa na jibu moja na hakulibadilisha.

"Noël alikufa, Annonciata. Alikufa mu vita."

Bibi alilia, kwa sababu kwake habari hiyo ilikuwa mpya. Alijishika kichwa, akaita jina la mwanawe, akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Mwanzoni majirani walikuja mbio, wakidhani msiba ni wa siku ile. Baadaye walibaki makwao. Kilio kilidumu kidogo tu, halafu kilikatika katikati kama redio iliyoishiwa na betri. Bibi alitazama huku na huku, akagusa mashavu yake, akauliza nani amemmwagia maji.

Noël alikuwa baba yangu. Mama aliolewa tena upande wa Minova, nami nilibaki Kibabi na wazee hawa wawili. Shule niliiacha darasa la tano, tulipokimbia, na tuliporudi nilikuwa nimeshakuwa mkubwa kupita mabenchi. Sikuwa mtu wa kusema sana. Hata sokoni nilinyoosha kidole kwa kitu nilichotaka. Lakini jioni moja nilijikaza, nikamwambia babu tukiwa tunamenya mahindi. Nilimwita Koko, kama nilivyomwita bibi pia.

"Koko, si umwambie tu kama Noël iko mu njia?"

Babu hakuacha kumenya. "Byukusenge, mu hii nyumba hatudanganye. Niko na zambi moja, imenichosha. Sitaongeza ya pili."

Dhambi yenyewe watu wote wa Kibabi waliijua. Babu na bibi hawakuwahi kufunga ndoa kanisani. Babu, Nestor Hakorimana, alimposa bibi kwao Walikale, ndani ya msitu, na mbuzi wa mahari walifika wote. Kilichobaki kilikuwa baraka ya padri. Walipoandikwa mara ya kwanza, mapigano yakaanza, padri mwenyewe akakimbia. Walipoandikwa tena, kijiji kizima kilihamia Sake. Watoto walizaliwa, wengine wakazikwa, na ndoa ikawa bado. Kwa hiyo babu hakupokea komunio. Alifyatua matofali ya kanisa kwa mikono yake, lakini watu wengine walipopanga mstari kwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi la nyuma, kofia magotini, akitazama migongo yao.

Mwaka ule padri alitangaza kwamba siku ya Kristu Mfalme, mwezi wa Novemba, angebariki kwa pamoja ndoa zote za wazee zilizochelewa. Babu alirudi nyumbani akitembea kama kijana. Alitoa koti lake kwenye sanduku, akalianika juu ya ua, akalisimamia lisichafuliwe na kuku.

Kabla ya baraka, katekista Edmond alipita nyumba kwa nyumba kuwauliza wachumba, kila mmoja peke yake, kama anataka kwa moyo wake. Ndiyo desturi. Babu alikaa nje, mimi nikabaki ndani na bibi ili asiogope.

"Mama Annonciata," Edmond alianza, "unataka kuolewa?"

Bibi alicheka, akafunika mdomo kwa ncha ya kikwembe alichojifunga. "Mimi? Na hizi meno?"

"Ata na hizo meno. Kuko mutu anakutaka. Unamujua Nestor?"

"Nestor? Namujua sana. Kijana murefu, anajisikia. Alikuya kwetu Walikale na suruali mupya, akaanguka mu matope mbele ya baba yangu."

Edmond alifurahi. Alimwelekeza bibi mlangoni, akamwonyesha babu aliyekaa juani na koti lake. "Njo yule?"

Bibi alikunja macho. "Yule? Aah, Papa, usinichekeshe. Yule ni muzee mwizi wa mahindi. Anaingiaka mu nyumba yetu, analala mu kitanda yangu kabisa! Mumwambie arudi kwake."

Edmond alicheka, nami nilicheka. Kisha tulimwona babu amegeuka anatutazama, na hakuna aliyecheka tena.

Nje, Edmond alisema polepole, akichora udongo kwa fimbo. "Papa Nestor, ndoa ni ndiyo ya batu mbili. Mutu hawezi kusema ndiyo kwa mutu hamujue."

"Ananijua. Amesahau tu."

"Basi akumbuke. Mimi sitaki akumbuke mambo yote. Siku ile moja tu, asubui, mbele ya padri. Akutaje jina na aseme anakutaka. Ikikuwa vile, mimi sina neno."

Siku ile moja. Babu aliyachukua maneno hayo akaingia nayo ndani.

Nyuma ya nyumba, kando ya ua wa choo, kulikuwa na kamba ya msituni, mmea wa kutambaa, iliyopanda juu ya mti wa mparachichi. Bibi aliileta kutoka kwao alipoolewa, kipande kimoja kilichofungwa kwenye jani la ndizi. Kwao dawa yake waliwapa wazee ambao vichwa vimekuwa vizito kukumbuka. Alinifundisha kuipika wakati mikono yake ilipokuwa bado inajua. Unachuma majani na kukwangua ganda kidogo, unachemsha. Maji ya kwanza unayamwaga kwenye shimo, mbali na kuku, unayafunika kwa udongo. Unatia maji mengine, unachemsha tena mpaka yawe na rangi ya chai hafifu. Hayo ya pili ndiyo ya kunywa. Nilimuuliza kwa nini maji ya kwanza yanamwagwa. Alisema mama yake aliyamwaga, na mama wa mama yake pia.

Tangu bibi augue, babu alimpa maji ya pili kila jioni. Bibi alikunywa, akamshukuru yule mzee asiyemjua, na hakuna kilichobadilika.

Wakati wa kiangazi alikuja kijana mmoja kwa pikipiki, jina lake Thierry, kutoka chuo kikuu cha Goma. Alizunguka Masisi na Walikale akikusanya mimea ambayo wazee wanaitumia kwa ugonjwa wa kusahau. Bibi alimwita muzungu kwa sababu ya miwani yake, ingawa alikuwa mweusi kutupita sisi. Alikata majani ya kamba, akayalaza ndani ya magazeti. Aliomba nimpikie mbele ya macho yake, na maji yalipochemka alitaka chupa mbili, moja ya maji ya pili na moja ya yale ya kumwaga.

"Ata takataka unabeba?" babu alimuuliza.

"Ata takataka, Papa. Nitarudi kuwaambia nilikuta nini."

Wengi husema watarudi. Huyu alirudi, mvua zikiwa zimeanza, matope mpaka magotini. Nilimpa kiti na maji ya moto ya kunawa miguu. Babu alikaa mbele yake karibu sana, kama mtu anayesubiri hukumu.

"Papa," Thierry alisema, "mu kichwa ya mutu kuko ujumbe unapita, fasi moja mpaka fasi ingine. Kuko kitu inaubeba. Na kuko kitu ingine inafuata nyuma, inafagia, ili ujumbe mupya upate njia. Mutu akiwa na ugonjwa kama ya Mama, wenye kubeba wanapunguka. Lakini mwenye kufagia anaendelea tu."

"Anafagia ata ujumbe yenye haiyasomwa," babu alisema.

"Njo vile. Dawa kadhaa zenye ziko leo zinashika mukono ya ule mwenye kufagia. Haziponyeshe. Zinasaidia kidogo, kwa muda. Moja ilitoka mu ua dogo linaota Ulaya wakati wa baridi. Ingine waliitengeneza kwa kufuata haragwe moja ya sumu ya upande wa Nigeria. Zamani walikuwa wananywesha batu ile haragwe ili wajue nani ni mulozi."

"Na hizo dawa ziko Kibabi?"

"Hapana, Papa. Ata Goma utazitafuta sana."

"Na yetu? Kama ua la Ulaya linafanya, kamba ya Walikale inakosa nini?"

Thierry alivua miwani, akaifuta kwa shati. Niliona hakutaka kujibu, na niliona atajibu, kwa sababu aliahidi.

"Haikose kitu. Mu labo ya chuo, mu kachupa, ilimushika mwenye kufagia kwa nguvu sana. Tulishangaa. Lakini si maji ya pili. Ya pili karibu haina kitu. Ni ile ya kwanza."

Bibi, kwenye kona yake, alikuwa akifunua sahani ya Noël na kuifunika tena.

"Kumbe tunamwaga dawa," babu alisema, "tunakunywa masuuzo."

"Hapana! Papa, unisikilize muzuri." Thierry alimshika mkono. "Bamama walimwaga kwa sababu. Ile kitu haichague. Inashika mu kichwa, inashika mu moyo, mu tumbo, mu mapafu, fasi yote mara moja. Ni sawa na dawa ya kupulizia nyanya. Mutu akiinywa anaweza kufa. Ili itoke mu kachupa ifike ku kidonge kuko kazi murefu sana. Kuitenganisha, kuipima ku panya, kisha ku batu wenye wamekubali. Na dawa mingi inafia mu njia."

"Miaka ngapi?"

"Sijuwe. Kumi. Kupita kumi. Ao haifike kabisa."

"Mimi niko na mpaka Kristu Mfalme."

Thierry alidhani ni mzaha, akacheka. Kisha alimtazama babu usoni, akaacha. Alimwandikia namba yake ya simu kwenye ukuta kwa mkaa, akarudia tena kwamba maji ya kwanza asiyaguse mtu.

"Nimesikia," babu alisema. Na hakudanganya. Alikuwa amesikia.

Asubuhi ya Kristu Mfalme nilimwogesha bibi, nikamvika kikwembe kipya. Alikubali, kwa kuwa nilimwambia tunaenda kwenye ndoa. Hakuuliza ya nani. Babu alinituma kwa jirani yetu Mama Rosalie kuazima kitambaa cheupe cha kichwa. Mama Rosalie alinikawisha, kwanza kwa kukitafuta, kisha kwa kukipiga pasi, kisha kwa maneno.

"Na akisema mbele ya padri kama bwana wake ni mwizi wa mahindi?" aliniuliza. "Watamufunga?" Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisubiri kitambaa.

Niliporudi, bibi alikuwa amekaa nje juani, mgongo umenyooka. Babu alikuwa mbele yake, kofia mkononi, koti limefungwa vifungo vyote. Kikombe kilikuwa chini kati yao.

Bibi aliinua macho. "Byukusenge," alisema, "umekonda sana. Hawakulishe?"

Nilisimama pale pale na kitambaa mikononi. Muda mrefu alikuwa akiniita mtoto wa jirani, au hakuniita.

"Sikia," babu aliniambia. "Sikia vile ananiita. Sema tena, mama. Sema tena mutoto asikie."

"Nestor," bibi alisema. Alinyoosha mkono, akamshika kidevu, akageuza uso wake huku na huku kama mtu anayechagua kabichi. "Nestor, nani alikuharibu hivi? Meno iko wapi?"

"Wewe njo ulizimaliza. Na mahindi yako ya kuchoma."

"Uongo. Uliangukia mu matope ya baba."

Walicheka wote wawili. Sikuwahi kuwasikia wakicheka pamoja, au nilikuwa nimesahau. Babu alijifuta macho kwa kofia.

"Unajua leo ni siku gani?" alimuuliza. "Leo tunafunga ndoa. Padri anatungoja."

"Leo? Na mbona ulikawia?"

"Vita, mama."

"Aah. Vita."

Alilirudia neno hilo kwa sauti ya chini. Nilimwona akibaki nalo. Alikuwa kama mtu aliyeingia kwenye chumba chenye giza, anapapasa ukuta, halafu mkono wake unagusa kitu. Mikono yake ilishuka magotini.

"Noël," alisema. Hakuwa anauliza.

Babu alisogea. "Annonciata, acha hiyo leo."

"Tulimuzika Mushaki, kando ya barabara. Sanduku haikukuwa. Nilimufunga na kikwembe yangu ya bulu." Alisema taratibu, kila kitu mahali pake, kama mtu anayesoma. "Wewe ulikuwa unanivuta, unasema tukimbie, wanakuya. Udongo haukutosha. Miguu yake, Nestor. Udongo haukufika ku miguu."

Babu alikuwa ameniambia kwamba baba alikufa vitani. Hakuniambia zaidi. Hata jioni zile zote alizomwambia bibi ukweli, hakuwahi kuufikisha kwenye miguu.

Machozi yalianza kumtoka bibi. Hayakuwa kama ya jioni. Hakupiga kelele, hakujishika kichwa. Yalitiririka tu, machoni na puani, na mate yakamtoka mdomoni. Alipojifuta yakaja mengine. Babu alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya ndoa, akamkumbatia.

"Lia, mama. Lia. Mimi pia ninaikumbuka ile miguu. Kila siku."

Nilifikiri ni huzuni. Babu pia alifikiri hivyo. Kisha bibi alitapika juu ya koti. Kikwembe kipya kikalowa chini yake. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujatoka milimani, lakini yeye alikuwa anatoka jasho kama mtu anayelima mchana. Mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kifua chake kilianza kutoa sauti ya maji.

Babu alikitazama kikombe.

"Byukusenge," alisema, "kimbia kwa Bibiche."

Bibiche alikuwa muuguzi wa kituo chetu cha afya, chini barabarani. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaoenda misa, wanawake na vikwembe vyao vya sherehe, wanaume wakiruka madimbwi wasichafue viatu. Nilipita katikati yao bila viatu, kitambaa cheupe bado mkononi. Bibiche mwenyewe alikuwa anafunga mlango, amevaa tayari.

"Koko anakufa," nilisema.

"Anakufa na nini? Amekunywa nini?"

"Maji ya kwanza."

"Maji gani?"

Watu walisimama wakanitazama. Nilifumba macho ili nisiwaone, nikapiga kelele.

"Sawa na dawa ya nyanya! Inatoka ku macho, ku mudomo, fasi yote!"

Bibiche alifungua tena mlango. Alikuwa ameshawaona wakulima waliokunywa dawa ya shamba, kwa bahati mbaya au kwa kukata tamaa, na aliweka kwenye kabati lake sindano kwa ajili yao. Aliziita atropini. Alizichukua zote, akaacha viatu vyake vya misa mlangoni, akakimbia nami.

Tulimkuta babu amemlaza bibi ubavu, anamfuta mdomo kwa mkono wa koti. Bibiche alimpima moyo, akasonya. Alimchoma. Alisubiri, mkono kwenye kifua cha bibi, akamchoma tena.

"Hii dawa inakausha," alituambia. "Mukiona mudomo inakauka na mapafu inafunguka, njo anarudi."

Tulimtazama akikauka. Jasho likakoma. Mate yakakoma, na sauti ya maji kifuani ikapungua kidogo kidogo mpaka ikawa pumzi ya kawaida. Mwisho yakakauka machozi. Wakati huo kengele ya kanisa ilikuwa imelia, na baadaye tulisikia vigelegele vikitoka kilimani, vikatulia, vikaanza tena. Kila ndoa ilikuwa na vigelegele vyake.

Bibi alifungua macho. Yalikuwa meusi, mapana, na makavu. Alimtazama babu aliyeinama juu yake.

"Huyu muzee anatafuta nini?" aliuliza.

Babu aliinuka, akaenda kusimama kando ya ukuta.

Bibiche alimgombeza. "Papa Nestor! Siku ya ndoa yake unataka kumuzika? Nani alikutuma?" Bibiche alipochoka, alishusha sauti. Nikamwonyesha namba kwenye ukuta, akapiga kwa simu yake, akamweleza Thierry yaliyotokea. Walizungumza kwa Kifaransa, haraka. Kisha alimpa babu simu.

"Papa," nilisikia sauti ya Thierry. "Papa, nilikuambia."

"Uliniambia," babu alisema. "Niko na swali moja. Yale machozi yake, ilikuwa ya dawa ao ya mutoto?"

"Sijuwe, Papa. Yote inatokea mulango moja. Ata ningekuwa hapo, singejua." Kisha Thierry akauliza. "Alikutaja jina?"

"Alinitaja. Na huyu mutoto pia."

Nilimsikia Thierry akivuta pumzi. Nadhani alitaka kuuliza mengine, kikombe kilijaa kiasi gani, na baada ya muda gani. Hakuuliza. Aliomba msamaha, ingawa sikujua wa nini, akaaga.

Bibi alikaa kitandani juma zima. Nguvu za miguu hazikurudi zote. Jina langu pia halikurudi.

Siku alipoanza kukaa tena kwenye kiti chake, katekista Edmond alikuja. Alikuwa amebeba ndizi mbivu, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye habari nzuri.

"Papa Nestor, padri alisikia. Alisikia kama Mama alikutaja na alikubali kufunga ndoa. Anasema haina lazima mufike ku kanisa. Siku yenye kichwa yake inafunguka, ata kidogo, munamwita, anakuya hapa hapa. Anauliza, Mama anasema ndiyo, imeisha."

Babu aligeuka akatazama nyuma ya nyumba. Kutoka mlangoni ile kamba ilionekana, kijani sana baada ya mvua, imeshafika matawi ya juu. Niliona anaitazama na niliogopa. Kikombe hakikuwa na lazima kijae. Nusu ingetosha, au robo, na Bibiche akiwa karibu na sindano zake. Nilijua anayafikiri hayo kwa sababu mimi pia niliyafikiri. Nilitaka kusikia tena jina langu.

"Umwambie padri asante," babu alisema. "Kichwa yake haitafunguka."

"Unajua namna gani? Mungu anaweza..."

"Sitaki ifunguke."

Edmond hakuelewa. "Na komunio yako, Papa? Miaka hii yote?"

"Benchi ya nyuma iko na fasi."

Edmond alitutazama mmoja mmoja, akaacha ndizi, akaondoka. Kamba babu hakuikata. Thierry alikuwa ameomba tumtunzie, maana hakuipata mahali pengine. Babu aliizungushia miiba mirefu, akaifunga kwa waya, ili hata yeye mwenyewe asiifikie bila kujichana.

Jioni ile bibi alipakua chakula. Maharage mengine yaliangukia majivuni, lakini sahani ya maua mekundu ilikuwa ya kwanza, na viazi vikubwa vilikuwa vya sahani hiyo. Aliifunika, akaiweka karibu na moto. Akatazama mlango. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Noël iko wapi? Giza inaingia."

Niliinamisha kichwa nikasubiri. Babu alisafisha koo.

"Mvua imemushika mu njia," alisema. "Atakuya."

Nilimtazama. Yeye alitazama moto.

"Ule mutoto anakawiaka siku zote," bibi alisema, na mabega yake yakashuka, na uso wake ukabaki mkavu. Alikaa hivyo kidogo, akisikiliza mvua. Kisha alimwona babu, koti limebaki na doa lisilotoka, mikono mitupu kati ya magoti. Alimwonea huruma.

"Na wewe, muzee, hauna kwako? Kwako hawapike?"

"Sina kwangu, mama."

"Basi kamata hii, uile. Itapoa bure. Noël nitamupikia ingine."

Alimsogezea sahani ya maua mekundu. Babu aliipokea kwa mikono miwili kama mgeni, akaifunua, akamshukuru. Alikula kiazi kimoja kimoja, polepole, mpaka sahani ikaisha, na bibi alimtazama akila.